Moro si mji wa kupita

Kwa abiria wengi wa Tanzania Bara, Morogoro ni Msamvu tu. Basi linaingia stendi, konda anatangaza dakika kumi za kuchimba dawa, wachuuzi wanainua hadi madirishani mayai ya kuchemsha, korosho na machungwa yaliyokwisha kumenywa, na kabla chenji haijatimia dereva ameshapiga honi. Baada ya hapo njia zinaachana: huku Dodoma na Kanda ya Ziwa, huku Iringa, Mbeya na Songea. Wapo watu waliopita Msamvu utu uzima wao wote na mji wenyewe hawaujui. Mara ya mwisho taifa zima kukitazama kitongoji hicho kwa pamoja ilikuwa Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, likaua watu zaidi ya 100. Tukaomboleza, tukazika, mabasi yakaendelea kupita.

Treni ya umeme imeanza kuubadilisha mchezo. Ilibeba abiria wake wa kwanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, nauli ya daraja la kawaida ikiwa shilingi 13,000, na safari haifiki saa mbili. Mkazi wa Kariakoo anaweza kunywa chai kwake na chakula cha mchana akakila chini ya Uluguru. Kituo kiko nje kidogo ya mji, upande wa Kihonda, na ukitoka mlangoni kitu cha kwanza kukutana nacho, kabla ya madereva wa bajaji wanaokugombania, ni mlima. Umesimama hapo mzima mzima, kijani kibichi chini, buluu juu, na mara nyingi kilele kimejifunga kilemba cha wingu.

Wenyeji wanauita mji wao "mji kasoro bahari", na wanalitamka jina hilo kwa majivuno. Mimi sijawahi kulipenda. Linaupima mji kwa rula ya Dar es Salaam, kana kwamba Dar ndiyo iliyokamilika na Moro ndiyo pungufu. Ukweli ni kwamba Dar inakunywa maji ya Moro: Mto Ruvu, unaoupa mji ule mkubwa sehemu kubwa ya maji yake, unapata vyanzo vyake katika milima hii. Mwishoni mwa 2021 Ruvu ulipopungua, Dar ikaanza kugawiwa maji kwa zamu. Hapo ndipo watu wengi walipokumbuka kwamba nyuma ya bomba kuna mto, na nyuma ya mto kuna mlima.

Tuanzie mjini, kwa sababu ndiko kunakorukwa. Watalii wanaoshuka Morogoro kwa kawaida wanapakiwa kwenye gari na kupelekwa moja kwa moja Mikumi kuwaona tembo. Tembo wazuri, sina ugomvi nao. Lakini mji huu umechanganya watu tangu kabla haujapata reli. Katikati ya karne ya 19 Mzigua aliyeitwa Kisabengo alijenga hapa mji wenye ngome ya mawe, kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, na alipofariki bintiye, Simbamwene, ndiye aliyetawala. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone na akaushangaa mji ule. Aliporudi mwaka uliofuata mafuriko yalikuwa yameubomoa. Mlima unaolisha mji ndio huo huo ulioufagia.

Wajerumani walifikisha reli ya kati hapa mwaka 1907. Reli ikaleta mkonge, mkonge ukaleta watu: vibarua kutoka bara, Wahindi wa maduka, Wagiriki wa mashamba. Wagiriki karibu wote wameondoka, ila hoteli ya Acropol kwenye barabara ya zamani ya Dar bado inabeba jina lao. Maduka ya Wahindi yangalipo katikati ya mji, yale ya mabaraza na ghorofa moja, vitambaa na vipuri vya baiskeli chini, makazi ya familia juu. Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yakiongozwa na Jan Smuts wa Afrika Kusini yaliingia na kuutwaa mji kutoka kwa Wajerumani. Mkumbuke huyo Smuts na nchi aliyotoka, nitamrudia.

Leo biashara kubwa ya Moro, ukiniuliza mimi, ni vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kila mtu anakiita SUA, kimelala mguuni pa mlima, na ukiingia getini joto la mjini linakatika ghafla kwa sababu ya miti. Kuna mashamba ya majaribio, mazizi, vitalu vya miche, na wanafunzi wa koti jeupe wakitembea kwa haraka ya kuchelewa kipindi. Kilianza kama chuo cha kilimo mwaka 1965, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Julai 1984 kikasimama chenyewe. Jina lilikuwa limepatikana kwa msiba. Aprili 12 mwaka huo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mwenye umri wa miaka 45, alifariki kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani humu humu, akirudi kutoka Dodoma.

Ndani ya SUA ndiko wanakoishi wakazi wa Moro wanaojulikana zaidi duniani, na wana mikia. Shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji mwaka 1997 na kuhamia hapa mwaka 2000, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Niliposikia habari zao kwa mara ya kwanza nilidhani ni kichekesho cha wazungu wenye fedha ya kuchezea. Nenda ukaone. Uwanja wa mazoezi unaanza kazi alfajiri, maana panya huyu ni kiumbe wa usiku na jua linamuunguza. Masikio na mkia wake hupakwa losheni ya kuzuia jua, kazi inayofanywa na watu wazima wenye sare, kwa uso mkavu kabisa. Anavalishwa hatamu kifuani, anafungwa kwenye kamba iliyovutwa kati ya wakufunzi wawili, naye anakwenda kutoka kwa huyu hadi kwa yule, pua chini, akipekua ardhi mstari kwa mstari. Ghafla anasimama. Anarudi nusu hatua, ananusa tena, anakwaruza udongo kwa miguu ya mbele. Mkufunzi anabofya kidude mkononi, "tik", na panya anakimbilia ndizi yake, maana amefundishwa tangu utotoni kwamba mlio ule ni chakula. Hana kilo za kutosha kulipua bomu. Ndiyo siri yote.

Kwenye maabara kazi ni tulivu zaidi. Sampuli za makohozi zilizokwisha kuuliwa vijidudu kwa joto zinapangwa chini ya matundu ya kizimba kirefu, panya anapita juu yake tundu baada ya tundu, na penye kifua kikuu anaganda. Anapomkamata mgonjwa ambaye hadubini ya zahanati ilimpitisha, sampuli inarudiwa kupimwa, kisha mgonjwa anatafutwa. Panya mmoja wa hapa, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA, panya wa kwanza kuipata. Alifariki Januari 2022. Nina hakika wapo wakazi wa Mwembesongo, mjini hapa hapa, wanaotega panya kila usiku bila kujua kwamba ndugu wa hao wanaowatega wana nishani.

Sasa panda daladala la Mazimbu. Hii ndiyo sehemu ambayo ningemshauri mgeni aipe nusu siku nzima, na ndiyo ambayo wageni wengi, hata Watanzania, hawajui kama ipo. Mwaka 1977, baada ya vijana wa Soweto, Afrika Kusini, kupigwa risasi na wengine kukimbia nchi yao, chama cha ukombozi cha ANC kilihitaji mahali pa kuwasomesha. Tanzania, mkoa ukiwa chini ya Anna Abdallah, iliwapa shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, lenye majengo machache na nyasi ndefu. Wakimbizi walijenga wenyewe pamoja na mafundi wa Kitanzania, kwa fedha za Norway, Sweden, Uholanzi na marafiki wengine. Wakajenga madarasa, mabweni, karakana, maktaba, mazizi, kituo cha kulelea watoto na hospitali. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979 akiwa na miaka 22, na ikajulikana kwa kifupi cha SOMAFCO.

Kwa nini Moro? ANC walikuwa wanaujua mji. Mwaka 1969, kuanzia mwisho wa Aprili, walifanya hapa mkutano uliobadilisha chama chao: ndipo walipopitisha mkakati mpya wa mapambano na kuwafungulia wanachama wasio Waafrika mlango wa kujiunga na chama kilichokuwa uhamishoni. Nchini kwao mkutano ule unaitwa kwa jina la mji tu, Morogoro, na mwanasiasa wa Johannesburg akilitamka hana haja ya kueleza. Miaka 53 kabla ya mkutano huo Smuts alikuwa ameingia hapa kwa mizinga. Safari hii Waafrika Kusini walikuja wakiomba hifadhi.

Kuna jambo moja ambalo Mazimbu haliandikwi kwenye kibao chochote nilichokiona, na ambalo kwangu ndilo linalouelezea mji. Gari lililogongana na la Sokoine pale Dakawa lilikuwa likiendeshwa na kijana mwanachama wa ANC. Chama hicho kilikuwa na kambi huko. Fikiria hasira iliyokuwapo. Taifa limempoteza Waziri Mkuu aliyependwa kuliko viongozi wengi, na kwenye usukani wa upande wa pili yupo mgeni tuliyemkaribisha. Nchi nyingine ingewafungia virago wote usiku ule. Tanzania haikuwafukuza. Mwaka uliofuata rais wa ANC, Oliver Tambo, alikuja kuzindua rasmi shule ile ile ya Mazimbu. Na mwaka 1992, ubaguzi ukielekea ukingoni na wakimbizi wakirudi kwao, majengo yalikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, nayo ikayakabidhi kwa chuo chenye jina la Sokoine. Ndiyo maana leo mwanafunzi anaweza kusoma chuo cha Sokoine akiwa kwenye Kampasi ya Solomon Mahlangu.

Makaburi ya wakimbizi yapo, yamepangwa kwa safu, na majina juu ya mawe ni ya Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kizungu. Wengi walikufa vijana. Nyuma ya ukuta wanafunzi wa hisabati na ualimu wanapita na ndoo zao za kufulia. Ile hospitali ya michango ya Waholanzi bado inatibu watu. Na ukiwauliza wazee wa mitaa ya jirani watakukumbusha kwamba wakimbizi hawakuacha majengo peke yake: walioa hapa, walizaa hapa, na zipo familia ambazo nusu iko Mazimbu na nusu iko Gauteng.

Vyuo vingine nitavipitia kwa haraka, si kwa dharau. Mzumbe, kwenye barabara ya Iringa, kilianza mwaka 1953 kama shule ya Waingereza ya kuwafunza machifu na makarani wao, kikawa chuo cha uongozi wa maendeleo, IDM, na tangu 2001 ni chuo kikuu. Sijui kama kuna wizara nchini isiyo na mtu wa Mzumbe. Chuo Kikuu cha Waislamu kilipewa majengo yaliyokuwa chuo cha Tanesco, hapo hapo Msamvu. Jordan ni cha Wakatoliki. Matokeo yake unayaona kwenye daladala la jioni: mtawa amekaa na binti wa hijabu, wote wawili wana madaftari mapajani, Mmasai amelishikilia rungu kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, na konda anamsihi mama mwenye tenga la ndizi alisogeze kidogo. Hakuna anayemshangaa mwenzake. Ugomvi mkubwa wa wanafunzi ni na wenye nyumba, ambao wanajua tarehe ya bumu kutoka kuliko bodi ya mikopo yenyewe, na kodi ya geto hupanda ipasavyo.

Zamani usiku wa Moro ulikuwa wa magitaa. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake upande mmoja, Morogoro Jazz upande wa pili, na mji mdogo kama huu ukagawanyika kwa ushabiki. Salum, aliyejifunza kwa santuri za Kikuba zilizokuwa zikiingia nchini, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Ndipo Morogoro Jazz ikamtoa Mbaraka Mwinshehe, na Afrika Mashariki yote ikanyamaza kulisikiliza gitaa lake, hadi naye alipokufa kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979. Barabara imeuonea mji huu. Vizazi vya karibu vimelipatia taifa Afande Sele na Stamina, waliohamishia ushindani ule kwenye mistari ya rap. Lakini mji ambao ungeweza kuwa na jumba la makumbusho la dansi hauna hata chumba kimoja chenye gitaa la Mbaraka ukutani, na hili nalilaumu bila aibu. Lipo jengo gani la serikali hapa lisilo na chumba kitupu?

Mlimani mtu huenda asubuhi. Njia maarufu inaanzia upande wa Boma, inakatiza kijiji cha Ruvuma, inafika Morningside, nyumba ya mawe ya enzi za Wajerumani iliyobaki magofu mahali pazuri kupita kiasi, kisha inaingia msituni kuelekea kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano. Huwezi kupotea, kwa sababu muda wote unapishana na watu. Wanawake wa Kiluguru wanashuka wewe ukipanda, vichwani matenga ya karoti zenye udongo mbichi, kabichi, maua, stroberi zilizofunikwa majani, na wanashuka kwa mwendo ambao wewe huwezi hata kwenye lami.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnakwenda kwenye minara?"

"Ndiyo mama."

"Haya. Ila mmechelewa, jua limeshatoka. Na mkisema mtanunua mkirudi, mtakuta nimeuza."

Alikuwa amesimama kwa sekunde hizo tu, mkono mmoja kwenye tenga, na akaendelea.

Mashamba yao yananing'inia kwenye miteremko ambayo mimi nisingeweza kusimama, achilia mbali kulima. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo inafuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo mwanamke unayempisha njiani si kibarua wa shamba la mumewe. Mara nyingi ni yeye mwenye shamba. Wakoloni wa Kiingereza hawakulielewa hilo, na mengine mengi. Miaka ya mwanzo ya 1950 waliwalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu isiyolipwa, iliyofukua udongo mbaya wa chini na kuufunika ule wenye rutuba. Mwaka 1955 watu waligoma, ghasia zikazuka upande wa Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu akauawa. Mradi ukafa.

Nalitaja hilo kwa sababu lugha ile ya kuwaamuru wakulima imerudi, safari hii kwa adabu zaidi. Juu ya mashamba sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, hekta zaidi ya 24,000, sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, yenye viumbe visivyopatikana pengine popote: ndege mmoja wa kichwa cheusi na kifua cha njano anaishi Uluguru tu, na kwenye miamba yenye unyevu huota maua madogo ya zambarau ya jamii ile ambayo Wazungu wanaifuga kwenye vyungu dirishani. Msitu ukikatwa haya yote yanakwenda, na maji yanakwenda nayo. Bwawa la Mindu, linalounywesha mji, linajaa tope linaloletwa na mito. Kwa hiyo kila semina inamalizika kwa kumnyooshea kidole mama wa karoti. Naona tunamwonea. Anaambiwa asilime huku, asikate kule, ili bomba la Mbezi, kule Dar, litoe maji, na bili inayolipwa Mbezi haimfikii hata shilingi. Kama mji wa chini unataka miti ya juu, ulipie, na ulipie kwa mwenye ardhi.

Karoti zile zile utazikuta Soko Kuu la Chifu Kingalu, jengo jipya la ghorofa lililofunguliwa mwaka 2021 na kupewa jina la machifu wa Waluguru. Ndani kuna mpangilio, ila raha yenyewe bado iko pembezoni, kwa wauza ndizi. Mgeni kutoka mjini anajua ndizi mbivu na ndizi za kupika. Hapa utaulizwa unataka za kuchoma, za nazi, za kukaanga au za mtoto, na kila swali lina mkungu wake. Nunua pia iliki, mdalasini na pilipili manga zinazoshuka kutoka Mkuyuni, Matombo na Kinole. Bei hupungua ukiacha kujifanya unajua.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Masika ikianza Machi, njia ya Bondwa huwa utelezi mtupu, na Agosti mwanzoni nyumba za wageni hujaa watu wa maonyesho ya Nanenane, kwa hiyo weka nafasi mapema. Kibali cha kuingia hifadhini kinachukuliwa kabla ya kupanda, na kijana wa kijijini wa kukuongoza ni fedha uliyoitumia vizuri. Panya wanaonwa kwa miadi. Mazimbu, jitambulishe getini na useme unakwenda makaburini, watakuelekeza. Tiketi ya kurudi Dar Jumapili jioni ikate kabla hujatoka nyumbani, maana siku hizi wanaoshuka Moro wamekuwa wengi.